Mwezi wa Matope

Ratiba naiandika kwa penseli,
maana wino humkasirisha mkubwa.
Ukutani kalenda ya chama chetu cha kuweka na kukopa:
ng'ombe wa Februari ametazama pembeni
kama shahidi asiyetaka kuitwa.

Mtambo bado haujajengwa.
Upo kwenye makaratasi, na kwenye mfano wa plastiki
mezani kwa Mhandisi Ndahani: kuba jeupe
saizi ya bakuli la mlenda,
limezungukwa na miti ambayo huku kwetu haioti.
Lakini ajali yake tunatakiwa kuijua mapema.
Ardhi itikisike, umeme ukatike wote,
jenereta la akiba ligome, na la pili nalo ligome,
maji ya kupoza yashuke,
kiini kianze kuyeyuka
kama mshumaa uliosahauliwa juu ya kigae.
Halafu?
Halafu nani anakimbia, kwa barabara ipi,
na upepo siku hiyo unakwenda kwa nani?

Mimi sihusiki na majibu.
Nimeajiriwa kusema: lini.

Mhandisi alitaka Julai.
Bunge la bajeti limekwisha, fungu jipya limefunguliwa,
wataalamu watalala hotelini bila mbu,
magari yatafika Hombolo bila kusukumwa.
"Julai, Sechelela. Hali ya hewa nzuri."
Nikaandika Julai. Nikapuliza unga wa kifutio.

Jioni mama akapiga simu kutoka Mvumi.
Wameshamaliza kupanda uwele.
"Mvua imenyesha?"
"Ingekuwa imenyesha," akasema, "ningekuwa nimechelewa."
Kisha akaulizia bei ya sukari mjini,
na simu ikakatika.

Sikulala vizuri.
Niliuona mto Kinyasungwe, ambao Julai ni mchanga
wa kuchimba na kuteka kwa kata,
nikauona Februari ulipochukua kivuko,
na pikipiki ya mwalimu Lechipya,
na mbuzi wawili ambao hakuna aliyewadai.
Siku tatu ng'ambo ile hawakupata hata chumvi.
Siku tatu. Na hapo hakikuyeyuka kitu chochote,
ilikuwa mvua tu.

Asubuhi nikafuta.
Nikamwambia: Mhandisi, mji huu jina lake,
wasimuliavyo, ni la tembo aliyedidimia matopeni.
Tembo yule hakudidimia Julai.

Akacheka. Akaacha kucheka.
Akazungusha lile kuba la plastiki kwa kidole.
"Unataka wapime ajali wakati barabara hazipitiki?"
Ndiyo. Wakati zahanati ina wajawazito na haina gari.
Wakati watoto wako darasani na king'ora hakisikiki
kwa kelele za mvua kwenye bati.
Na Agosti warudi tena, kwa ajili ya upepo,
ule unaobeba vumbi hadi ndani ya sahani iliyofunikwa;
waulize utabeba nini kingine.

"Na magari ya wataalamu yakikwama?"
Hapo, nikasema, tathmini ndiyo itakuwa imeanza.

Chini nikaongeza mstari ambao hakuniagiza:
irudiwe.
Kila miaka kumi, na kila bomba likibadilishwa,
na kila kitongoji kipya kikichipuka kando ya uzio,
kwa sababu watu huzaana,
na chuma huzeeka bila kumwambia mtu.

Hajasaini. Amesema atawasiliana na juu,
na juu, sisi sote twajua, ni ghorofa yenye kiyoyozi
ambako mwaka mzima ni Julai.

Basi karatasi iko kwenye faili, faili liko kwenye trei.
Ila neno Februari nimelikandamiza.
Walifute wakitaka:
atakayepitisha kidole
atalisoma.